Neno la mwalimu: Binti yetu anayesoma udaktari



Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Tunaomba msamaha, hiyo itangoja juma moja. Kuna neno lililotokea katika kikundi chetu, na wengi wenu mmelisikia nusu nusu sokoni, tena limekwisha kuongezwa chumvi. Ni afadhali mlisikie zima. Mama mwenye binti ametupa ruhusa, na binti mwenyewe amesoma maneno haya kabla hayajachapwa, akafuta mistari miwili. Majina hatuyataji. Wanaowajua wanawajua, na wasiowajua hawana haja nayo.

Binti huyo yuko mwaka wa tano wa udaktari katika chuo kikuu cha hapa mjini. Masomo ya udaktari kwetu ni miaka saba, na huo wa saba wote ni wa kushinda na kulala hospitalini. Amebakiza basi mbili na kipande. Mama yake anauza makala na unga wa muhindi. Baba ni fundi wa kulehemu, na kazi yake inakwenda na umeme: siku umeme umekatika, hata chungu cha nyumbani kinajua.

Tulimfundisha binti huyu darasa la tano, mwaka wetu wa pili tangu tutoke ISP na diploma mkononi, tukidhani tunajua watoto. Ndiyo maana tunaandika sisi, wala si mwandishi wetu wa mambo ya afya. Tuna deni kwake. Tutalisema hapa chini, ingawa halituletei sifa.

Kwanza mjue nyumba anayotoka. Baba ni Muluba wa Kasai, wazee wake walitoka upande wa Mbuji-Mayi kuja kufanya kazi Likasi. Mama ni Mubemba wa upande wa Sakania. Nyumba za namna hiyo ni nyingi hapa kwetu, na si ajabu. Lubumbashi ilianza mwaka 1910, njia ya reli ilipofika kutoka kusini, na tangu mwanzo ilikuwa mji wa watu waliokuja. Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, hata kutoka Rwanda na Burundi. Wagiriki, Waitalia na Wahindi walifungua maduka. Katika kambi za wafanyakazi kila mtu alikuwa na lugha ya mama yake, na Kiswahili kikawa lugha ya watoto waliocheza pamoja nje. Hicho ndicho tunachosema leo, na mama wa pwani akikisikia anacheka. Acheni acheke.

Lakini tusipake mafuta juu ya kidonda. Miaka ya 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na hapa pia, wakalala majuma na miezi kwenye stesheni ya treni na watoto wao, wengine wakazikwa njiani. Sisi tulikuwa bado mgongoni. Baba wa binti alikuwa kijana, alikuwa mmoja wa wale wa stesheni. Alirudi Katanga baadaye akiwa peke yake, akaoa huku huku. Ndugu zake hawakufurahi, na ndugu za mke hawakufurahi. Ndoa ikafungwa kila upande ukingoja kosa la upande mwingine.

Kosa likaja na mtoto wa pili, mvulana. Alipofika kama miezi saba, vidole vya mikono na nyayo vilivimba, akalia usiku mzima. Macho yakawa ya manjano. Kila mara damu inakwisha, anapelekwa hospitali, anaongezewa damu, anarudi, miezi michache inapita, tena. Wamama wenye mtoto wa namna hiyo wamekwisha kutambua tunasema nini. Wakati ule hakuna aliyelitaja jina lake nyumbani mwao. Ndugu za baba walisema: "Damu ya Wabemba hiyo, kwetu haipo." Ndugu za mama walisema: "Mtoto wetu alikwenda kuolewa na laana ya Kasai." Feza za hospitali zilipowashinda, mtu mmoja akawapeleka penye kikundi cha maombi, na huko wakaambiwa kwamba damu ya mvulana inanyonywa usiku na mtu wa ndani ya nyumba. Mtu huyo ni dada yake. Alikuwa na miaka kumi.

Sasa deni letu. Siku ya Jumatatu binti alikuja shuleni kichwa kimenyolewa, midomo imepasuka. Walikuwa wamemfungisha siku tatu bila maji. Habari ilikwisha kufika darasani kabla yake, maana watoto wanabeba maneno kuliko redio. Jumanne wazazi watatu walikuja kutuona: tumtoe mtoto huyo karibu na watoto wao. Tulikuwa na watoto zaidi ya hamsini, mshahara haujafika mwezi wa tatu, na tuliogopa wazazi. Tukamhamisha benchi la nyuma, peke yake. Tulijiambia ni kwa ajili ya amani darasani. Hatukumuuliza neno. Hatukwenda kwao. Alikaa huko nyuma mpaka mwisho wa mwaka, na alikuwa wa kwanza katika hesabu, na tuliandika namba yake kwenye bulletini bila kumtazama machoni.

Na sheria ilikwisha kuwako! Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaliadhibu jambo hilo. Katika ISP tulijifunza namna ya kuandaa somo dakika kwa dakika. Kifungu hicho hatukukumbuka kukisoma.

Aliyemtoa binti katika neno lile hakuwa mwalimu. Mvulana alipelekwa tena hospitali ile Julai, wakati wa baridi yetu, na huko kulikuwa na kijana mwanamke aliyekuwa katika staji, bado hajawa dokta kamili. Huyo akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza: "Baba na mama mmepimwa damu yenu?" Akawaambia juu ya elektroforezi. Baba akakataa, mama akauza kitenge cha harusi, wakapimwa wote. Karatasi zikarudi: baba AS, mama AS, mvulana SS, na dada yake AA.

Yule wa staji alikaa juu ya kitanda, akageuza karatasi, akachora masanduku manne upande wa nyuma. Tunawachorea kwa maneno. Baba wa AS ana mbegu mbili, A na S, anatoa moja tu. Mama wa AS hivyo hivyo. Kwa kila mimba kuna masanduku manne: moja la A na A, mawili ya A na S, moja la S na S. Kila mimba, tangu mwanzo. Si kwamba mkipata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wameokoka. Mtoto wa AS si mgonjwa, anaishi kama wengine. Mtoto wa SS ndiye mgonjwa, na hawezi kuwa SS kama S haikutoka pande zote mbili. Sasa muone: Kasai walikuwa na haki nusu, na Sakania walikuwa na haki nusu. S ilikuwa kwao wote. Na dada ambaye walisema ananyonya damu, yeye hakuwa na hata chembe ya ugonjwa ule.

Karatasi hiyo binti anayo mpaka leo. Tumeiona, imekunjwa mara nane na pembe zimechakaa. Tulipomuuliza kwa nini alichagua udaktari, tulitegemea jibu lile la watoto wote, kwamba nataka kusaidia watu. Akasema: "Madamu, nilitaka kuwa na karatasi yenye nguvu kuliko mdomo." Kisha akacheka, akaongeza: "Na mshahara pia, tusidanganyane." Baadaye, tukishuka pamoja kutafuta basi, akasema jambo jingine ambalo lilikuwa mojawapo ya mistari aliyofuta, kwa hiyo tunaliacha.

Tuseme kidogo juu ya ugonjwa wenyewe, kwa sababu Congo yetu, pamoja na Nigeria na India, ni kati ya nchi zinazozaa watoto wengi wa SS kuliko zote. Dokta James Herrick wa Chicago ndiye aliyeuandika mara ya kwanza mwaka 1910, mwaka ule ule mji wetu ulipoanza, na mgonjwa wake, ajabu, alikuwa mwanafunzi aliyesomea udaktari wa meno, mtu wa kisiwa cha Grenada. Lakini bibi zetu waliujua ugonjwa huo zamani, kwa kuzika tu. Umejaa kwetu kwa sababu ya malaria: mtoto wa AS anavumilia malaria kali kuliko mwenzake wa AA, basi kwa miaka elfu na elfu, mahali penye mbu wengi, S imehifadhiwa katika damu yetu. Hiyo ndiyo laana yote iliyopo.

Mama mwenye mtoto wa SS, maji ya kunywa yasikosekane, mchana na usiku. Usingoje kiu. Baridi ya Juni na Julai inaleta maumivu, mvalishe soksi na fulana hata kama jirani wanacheka. Alale ndani ya chandarua kila siku. Chanjo zote zikamilike. Homa kwa mtoto huyo si ya kungoja kesho, ni ya kwenda hospitali leo, na tumbo likivimba ghafla upande wa kushoto na mtoto amepauka, toka na kandambili zako hivyo hivyo. Dawa zipo zinazopunguza maumivu kuja mara kwa mara, muulizeni dokta. Na ninyi wenye vijana wanaotaka kuoana, wapimwe mbele ya mahari, maana mahari ikishaliwa hakuna atakayesikia. Binti anawaomba sana jambo hili: kuna kipimo cha bei ndogo kiitwacho Emmel. Hicho kinaonyesha tu kwamba S ipo, hakitofautishi AS na SS. Msitoke hapo mkaanza kulia au kushangilia. Elektroforezi ndiyo inayosema yote.

Sasa maisha yake ya kila siku, maana kuna wamama wanaodhani mwanafunzi wa udaktari ni mtu anayetembea na bluzi nyeupe akipungiwa mkono.

Anaamka saa kumi ya usiku. Anachota maji, mabidoni manne, kwa sababu mama ana mgongo. Anakaanga vitumbua ambavyo mdogo wake anauza kwenye kona, siku mdogo wake ana nguvu. Saa kumi na mbili yuko njiani, mabasi mawili, na kama feza ni ya basi moja, kipande kingine ni miguu. Hospitalini wanaingia kwa wagonjwa pamoja na profesa, wanafunzi wengi kuzunguka kitanda kimoja, na yule wa nyuma haoni kitu. (Tulipomsikia akisema "wa nyuma", tulitazama chini.) Mchana ni masomo. Silabusi haununui zote, mnanunua moja watu watano, mnapiga fotokopi. Jioni anarudi, anapika bukari, na baada ya hapo anasoma kwa mwanga wa simu mpaka simu inazimika. Siku za zamu halali kabisa. Alituonyesha kipande cha buku ambamo hesabu zake zimeandikwa: basi, fotokopi, sabuni ya bluzi, glavu. Ndiyo, glavu. Mgonjwa asipokuwa na feza ya kuzinunua, mara nyingine mwanafunzi anachomoa zake mfukoni.

Ana kibuku kingine kidogo ambacho tulikipenda zaidi. Humo ameandika maneno ya ugonjwa katika lugha nyingi. Upande mmoja Kifaransa, kisha Kiswahili, kisha *disama* ya Tshiluba ya baba yake, kisha *ubulwele* ya Kibemba ya mama yake, na nafasi tupu kwa Kiluba cha Katanga, Kitabwa, Kilunda, ambazo anajaza kadiri wagonjwa wanavyomfundisha. Anasema mgonjwa akiulizwa kwa Kifaransa anajibu "ndiyo" kwa kila kitu ili asionekane mjinga. Akiulizwa kwa Kiswahili anasema maumivu ya mwili. Lakini mambo ya tumbo la chini, ya mwezi, ya mimba zilizotoka, hayo mama anayasema kwa lugha aliyonyonya, na tena kwa sauti ndogo. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye siku mbili aliandikiwa dawa za malaria kwa sababu alikuwa akijibu "ndiyo". Binti alimsalimia tu "Mwapoleni", bibi akamshika mkono, akaanza kueleza, akaeleza dakika ishirini. Ilikuwa jambo la mkojo, tangu uzazi wake wa mwisho. Miaka mingapi amelibeba hilo!

Si kila siku inakuwa hivyo. Mwaka jana, katika chumba cha watoto, mama mmoja alisoma jina kwenye bluzi yake, jina la Kasai, akasema mbele ya watu wote: "Huyu asimguse mtoto wangu. Niletee mtu wa hapa." Binti amezaliwa hapa. Mama yake amezaliwa hapa. Angeweza kumjibu kwa Kibemba na kumwaibisha. Hakujibu. Akamwita mwenzake, akaenda kuweka serumu kwa mtoto mwingine. Tulimuuliza kama yule mama aliomba msamaha baadaye. Hapana. Mtoto alipona, wakafunga mizigo, wakapita mbele yake wakaenda. Usiku ule alilia chooni, na kesho yake alikuwa na mtihani wa maneno ya dawa, akapata kumi na moja juu ya ishirini.

Tunafika kwenye neno lenyewe.

Julai hii mdogo wake, ambaye sasa ni kijana wa miaka kumi na saba, alishikwa vibaya kifuani. Majuma mawili hospitalini, oksijeni, damu mara mbili. Feza ambayo mama aliiweka kwa ajili ya minervali ya binti iliisha yote huko. Na chuo kikuu kinasema wazi: asiyelipa kipande cha mwisho haingii mtihani. Asipoingia mtihani, anarudia mwaka mzima na kulipa tena mwanzo hadi mwisho. Mjomba mmoja wa Kasai akaandika kwamba ana mtu tayari, mfanyabiashara wa Mbuji-Mayi, binti aolewe, mambo ya masomo yataonekana huko. Mama akaja kwetu Alhamisi, hakukaa hata kwenye kiti, akauliza kama kisanduku cha msaada cha kikundi kinaweza kumkopesha.

Mnajua kisanduku hicho. Kimeandikwa kwa ajili ya matanga, uzazi na ugonjwa. Masomo hayamo. Na likelemba ya mwezi huu ilikuwa zamu ya mama muuza samaki, ambaye amengoja miezi tisa.

Kikao kilikuwa kikali, hatutaficha. Mama mmoja alisema wake ameacha shule darasa la nne la sekondari na hakuna kisanduku kilichofunguliwa. Ni kweli, na hatukuwa na jibu la kumpa. Mwingine alisema madaktari wenyewe wanagoma kila mwaka kwa kukosa mshahara, sasa tunanunua nini? Mwingine, na hili liliuma, alisema feza ya hapa ikisomesha mtu ataipeleka kwao. "Kwao wapi?" mama wa binti akauliza. Chumba kikanyamaza. Mzee wetu mama mweka hazina, yule mwenye miwani ya kufungwa na uzi, akasema kwamba yeye alizaliwa kabla ya uhuru, na mwaka 1960 nchi hii nzima haikuwa na daktari hata mmoja wa kwetu. Waliokuwapo walikuwa wasaidizi wa madaktari na wauguzi. Hata Jason Sendwe, ambaye hospitali yetu kubwa inaitwa kwa jina lake, alisomea kuwa msaidizi wa daktari, maana udaktari wenyewe ulikuwa mlango uliofungwa kwa mweusi. Makumi ya wasaidizi hao ndio waliopelekwa Ufaransa baadaye kumalizia. "Mlango umefunguliwa," akasema, "sasa mnauliza aliyeingia ni wa kabila gani."

Sisi tulisimama kusema deni letu la benchi la nyuma. Hatukuwahi kulisema mbele ya watu. Wengine walijua, kwa kuwa wawili kati ya wazazi wale watatu wako katika kikundi chetu, na mmoja wao alitoka nje tulipoanza. Alirudi. Hakusema kitu, lakini wakati wa kuinua mikono aliinua.

Uamuzi ni huu, nao umeandikwa katika buku la kikundi: kisanduku kimekopesha, hakikutoa zawadi. Mama atarudisha kwa miezi minane bila riba, kuanzia mwezi ujao. Mama muuza samaki amekula zamu yake yote kama ilivyokuwa, na asante kwake, kwa kuwa mwenyewe alitaka kuigawanya nasi tukakataa. Kifungu cha masomo kitajadiliwa mwezi wa kwanza, na yule mama ambaye mtoto wake aliacha shule ndiye ataongoza kamati. Hilo lilikuwa sharti lake. Kuhusu mfanyabiashara wa Mbuji-Mayi, baba wa binti aliandika jibu mwenyewe. Hatukuonyeshwa barua, tuliambiwa tu kwamba ilikuwa fupi.

Binti amefanya mtihani. Matokeo bado. Alituambia mapema kwamba sehemu ya dawa za moyo ilimshinda kidogo na huenda atakuwa na sesheni ya pili, basi msije mkashangaa wala msiseme feza ilipotea.

Jumamosi ijayo, saa nane ya mchana, atakuja katika darasa letu kuchora masanduku manne kwa wamama wote watakaotaka, na kueleza kadi ya SS inasomwaje. Wenye karatasi za elektroforezi za nyumbani waje nazo, hazitasomwa mbele ya wengine. Wenye vijana wa kuoa na kuolewa waje nao. Wamama wanaosikia Kibemba au Tshiluba tu wasiogope, atasema nao. Mabenchi ni ya watoto, ni mafupi, hivyo anayeweza aje na kigoda chake, na tafadhali mchango wa chaki tuliouomba mwezi jana, wa Kenya bado hamjaleta.